Jirani wa Ng'ambo ya Mto

Ziko amri zilizo rahisi kukariri na ngumu kutii. Miongoni mwa hizo hapana iliyo nyepesi ulimini na nzito mabegani kuliko ile impasayo Mkristo kumpenda jirani yake kama ajipendavyo mwenyewe. Watoto huijua kabla hawajaweza kuandika majina yao. Wazee huzikwa huku ikitajwa juu ya majeneza yao. Hata hivyo twadhani kwamba wengi wetu tumeizoea mno hata hatuisikii tena, kama vile mtu akaaye karibu na mashine ya kusaga asivyousikia mngurumo wake. Katika makala haya twapenda kuitazama upya, si kwa macho ya mwanatheolojia, maana hatukusomea elimu hiyo, bali kwa macho ya mwalimu wa lugha aishiye mahali ambapo neno jirani lina uzito wa pekee.

Mahali penyewe ni Katwe, katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Msomaji asiyepata kufika huku na afikirie ziwa dogo la chumvi lililo ndani ya shimo la volkeno ya kale, karibu na ufuko wa Ziwa Edward, na pande zote limezungukwa na hifadhi ya wanyama ya Malkia Elizabeth. Ziwa hili halina mto utokao. Maji yake huondoka kwa jua tu, na jua likiisha kuyanywa huacha chumvi. Kwa karne nyingi watu wamesimama ndani ya maji hayo makali, wengine wakivunja mawe ya chumvi chini ya ziwa na kuyapakia juu ya vyelezo, wengine wakikusanya chumvi nyeupe katika vidimbwi walivyovizungushia kuta za udongo na miti. Chumvi hiyo ilisafiri kwenda Toro, Nkore na Kongo kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kutwekwa huku. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome hapa, akaiita Fort George, ili utajiri huo uwe chini ya ulinzi wa kampuni yake. Kwa hiyo Katwe imezoea wageni tangu kale. Asiye na chumvi huja kwa aliye nayo.

Kutoka hapa, msafiri akishika barabara iendayo mpakani atapita Kisinga na Bwera, kisha atafika Mpondwe, na hapo atauona mto Lhubiriha. Ng'ambo ya mto ni Kasindi, nchi ya Kongo. Upande wetu wenyeji huitwa Wakonzo. Upande wa pili huitwa Wanande. Lakini lugha zao ni kama ndugu wa tumbo moja, mila zao za arusi na matanga zafanana, na si ajabu mtu kuwa na shamba upande mmoja na wakwe upande mwingine. Mpaka wa nchi hizi ulikubaliwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910, na waliokubaliana hawakuwa wakaaji wa kando ya mto. Siku za gulio maelfu ya watu huvuka, huyu na kahawa, yule na maharagwe, mwingine na mgonjwa wake mgongoni akitafuta tiba. Basi aulizaye katika nchi hii, jirani yangu ni nani, haulizi swali la kitabuni. Amwulizia mtu anayemwona kwa macho.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndiyo kazi yetu. Jirani ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, nalo katika asili yake huwataja watu wakaao karibu karibu. Ni neno la mahali. Ua wangu umegusana na wako, moshi wa jiko langu waingia dirishani mwako, basi sisi ni majirani, tupendane tusipendane. Lakini Kiswahili kina neno jingine, mwenzi, ambalo watu hulitamka mara nyingi kila siku katika umbo la mwenzangu, mwenzako, mwenzetu. Hilo si neno la mahali bali la ushirika. Mwenzangu ni yule niliye naye katika jambo: kazini, safarini, msibani. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili, hata ile ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, walichagua neno jirani kwa amri hii. Hatusemi kwamba walikosea. Twasema tu kwamba mafundisho ya Yesu juu ya amri hii yaonekana kwetu kuwa safari ya kutoka neno la kwanza hadi neno la pili, yaani namna mtu aliye karibu kwa mahali tu anavyofanywa kuwa mwenzetu kwa kweli.

Safari hiyo ni ya hatua ngapi? Tulidhani twajua, mpaka mwaka 2019 ulipotufundisha.

Wasomaji watakumbuka kwamba tarehe 1 Agosti mwaka 2018 ilitangazwa nchini Kongo, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, kuwa kuna ugonjwa wa Ebola. Ugonjwa huo ulikaa karibu miaka miwili, na kabla haujatangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Beni na Butembo, miji ambayo watu wetu huenda kuwatazama shangazi na wajomba, ilikuwa katikati ya msiba huo. Ebola huenezwa kwa kugusa: jasho, damu, matapishi, na hasa mwili wa maiti. Kwa maneno mengine, huenezwa na yale matendo ambayo kwetu ndiyo alama ya upendo. Kumshika mgonjwa mkono, kumpangusa uso, kumwosha marehemu, kumkumbatia mfiwa: mambo hayo yote, ambayo asiyeyafanya huitwa mtu asiye na utu, yaligeuka kuwa mlango wa mauti.

Mwezi wa Juni 2019 ugonjwa ulivuka mto. Jamaa moja ya Kongo iliyotoka katika mazishi ya mzee wao iliingia Uganda na mtoto wa miaka mitano aliyekuwa hoi. Wakampeleka hospitali ya Kagando, iliyo ya Kanisa la Uganda. Wauguzi wa pale hawakumfukuza, wala hawakumpokea kwa pupa. Walizitazama dalili, wakashuku, wakajikinga, wakatoa taarifa, na mtoto akahamishiwa katika kituo maalumu kilichokuwa kimetayarishwa Bwera. Huko alifariki, na bibi yake akafuata katika wiki hiyo hiyo. Mwishoni mwa Agosti msichana wa miaka tisa aligunduliwa na wapimaji wa mpakani Mpondwe, naye pia hakupona. Lakini katika nchi yetu hakuna hata mtu mmoja aliyeambukizwa na wagonjwa hao. Wahudumu wa afya zaidi ya 4,000 walikuwa wamechanjwa mapema, nao walijua la kufanya.

Hapa ndipo tunapolazimika kueleza jambo lisilotupa sifa. Mwezi wa Julai mwaka huo tulikuwa tumeketi kivulini penye kituo cha magari hapa Katwe, pamoja na watu wengine sita au saba, tukingojea gari la kwenda Kasese. Akaja mama mmoja aliyetoka Kongo kununua chumvi, na mgongoni amebeba mtoto. Akaketi mwisho wa benchi. Mtoto alikuwa na homa. Ilionekana kwa macho yake na kwa jinsi shingo ilivyolegea. Yule mama akaomba maji. Hakusema Lukonzo wala Kinande, kwa kuwa kwao kulikuwa mbali zaidi, upande wa Bunia. Alisema Kiswahili, kile Kiswahili cha Kongo ambacho sisi walimu twapenda sana kukisahihisha.

Mtu mmoja akainuka. Wa pili akainuka. Nasi tukainuka. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Tulisogea tu, kama watu waliokumbuka shughuli, tukasimama hatua tatu au nne kutoka pale, tukatazama barabara. Katika wote waliokuwapo, mwenye stashahada ya ualimu na miaka mingi ya kufundisha Kiswahili ni sisi tunaoandika haya. Hapakuwa na mtu aliyeweza kusema na yule mama kwa ufasaha kutushinda. Nasi tulinyamaza.

Aliyesema ni mama mwingine, mmoja wa wale wafanyao kazi katika vidimbwi vya chumvi, na mikono yake imepasuka kwa ukali wa maji. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Naye pia hakumsogelea mgonjwa. Alisimama pale pale tuliposimama sisi, akasema: "Pole, mama. Kaa hapo hapo na mtoto, usiogope. Nimemtuma kijana awaite watu wa afya." Kisha akajaza maji katika kikombe cha bati, akaenda akakiweka chini karibu na benchi, akarudi nyuma, akasema: "Chukua, mama. Hicho kikombe ni chako sasa." Halafu akaketi juu ya gunia lake la chumvi akamwuliza jina la mtoto, na kama ana ndugu, na kama njiani wamepata kula. Wakazungumza hivyo muda wa saa nzima. Gari letu lilichelewa, kwa hiyo tuliyaona yote. Wahudumu walifika na glavu na kipimajoto chao, wakamchukua mtoto. Siku chache baadaye tulisikia kwamba ilikuwa malaria, na kwamba mtoto amepona.

Tangu siku ile mfano wa Msamaria, ambao tulikuwa tumeutumia mara nyingi darasani kwa zoezi la ufahamu, haukuwa tena zoezi. Wasomaji waujua. Mtu ameshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, ameangukia mikononi mwa wanyang'anyi, ameachwa karibu kufa. Kuhani akampita, Mlawi akampita, lakini Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa na wale waliokuwa wakisikiliza hadithi, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia malazi. Sisi tulizoea kuwafundisha watoto kwamba kuhani na Mlawi walikuwa watu wabaya. Sasa hatuna hakika. Sheria yao iliwakataza makuhani kutiwa unajisi kwa maiti, na mtu aliyelala kimya kando ya njia huenda alifanana na maiti. Walikuwa na sababu, na sababu yao ilikuwa ya heshima. Ilikuwa imeandikwa. Nasi pia penye lile benchi tulikuwa na sababu ya heshima, imeandikwa katika matangazo yaliyobandikwa ukutani: tusigusane.

Msomaji mwenye busara atatuuliza: Je, mlikosea nini basi? Serikali iliamuru watu wakae mbali na mgonjwa. Mkristo hakuamriwa kujiua, wala kuwapelekea wanawe mauti nyumbani kwa jina la huruma. Swali hili ni la haki, na ndilo kiini cha makala haya.

Twajibu hivi. Umbali wetu na umbali wa yule mama wa chumvi ulikuwa sawa. Mtu angeupima kwa kamba asingeona tofauti ya hata shubiri moja. Sisi tulisimama hatua tatu kutoka kwa mgonjwa, naye alisimama hatua tatu. Lakini sisi tulikuwa mbali naye alikuwa karibu. Sisi tulipoupa ugonjwa mgongo tulimpa na mtu mgongo. Yeye aliuepuka ugonjwa, akamgeukia mtu. Kwetu tahadhari ilikuwa kisingizio cha kuondoka. Kwake ilikuwa njia ya kubaki. Ndiyo sababu twaona kuwa kosa letu halikuwa katika miguu bali katika ulimi na uso. Hakuna tangazo lolote la serikali lililotukataza kusema pole.

Na tutazame vema amri yenyewe ilivyo. Haisemi mtu ampende jirani zaidi ya nafsi yake, wala pungufu ya nafsi yake. Yampa kipimo, na kipimo hicho ni nafsi yake mwenyewe. Asiyejali uhai wake atajuaje thamani ya uhai wa mwenzake? Yule mama alijipenda, ndiyo maana hakugusa. Alimpenda mgeni, ndiyo maana hakuondoka. Alizishika sehemu mbili za amri moja, ilhali sisi tulishika sehemu moja tukaiita busara.

Nchi yetu ina shahidi mkubwa wa jambo hili, na jina lake linafaa kutajwa. Mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, Daktari Matthew Lukwiya alikuwa mkuu wa hospitali ya Lacor, naye wakati huo alikuwa Kampala masomoni. Alipoitwa alirudi upesi. Alizisoma habari za ugonjwa usiku kucha, akautambua, akaanzisha wodi ya kuwatenga wagonjwa hata kabla ya majibu ya maabara kufika. Akawafundisha wauguzi kuvaa kanzu, glavu, barakoa na miwani. Wauguzi walipoanza kufa mmoja baada ya mwingine, na waliobaki wakataka kuondoka, yeye alikaa, na kukaa kwake kukawafanya wengi wakae. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka ule. Yaaminika kwamba aliambukizwa usiku alipokimbilia kumsaidia muuguzi wake aliyekuwa taabani, naye hakuwa amevaa miwani ya kujikinga. Watu zaidi ya 220 walikufa katika maradhi yale, na bila kanuni alizoziweka wangekufa wengi zaidi.

Wako wasemao kwamba Lukwiya ni mfano wa upendo usiojali hatari. Sisi hatuoni hivyo. Huyu ndiye aliyeziweka kanuni za hatari. Alijali hatari kuliko mtu yeyote katika Gulu, kwa kuwa aliijua. Tofauti yake na mtu mwoga ni kwamba mwoga huuliza, nikae mbali kiasi gani nisidhurike? Naye aliuliza, nifanye nini ili niweze kukaribia? Maswali hayo yote mawili ni ya tahadhari, lakini moja lina mlango wa kutokea, na jingine lina mlango wa kuingilia.

Liko pingamizi jingine, nalo latoka kwa wanafalsafa na hata kwa wanafunzi wetu werevu. Wasema upendo ni hisia, na hisia haiamrishwi. Hoja hii hata sarufi yaonekana kuiunga mkono. Mtu aweza kuamriwa: lima, soma, funga mlango. Lakini ukimwamuru mtu aliyefiwa: furahi, umesema maneno tu. Basi Mungu aamurishaje kupenda? Jawabu letu ni kwamba Kiswahili kimetupa maneno mengi hapa ili tusiyachanganye. Kuna mahaba, kuna huba, kuna mapenzi, na kuna upendo. Mahaba hayaamrishwi; huja na huondoka yapendavyo. Upendo wa amri hii ni kazi kama kulima. Yule mama wa chumvi hatujui alihisi nini moyoni. Labda aliogopa kutushinda, maana ana watoto, nasi wakati ule hatukuwa nao pale. Tujualo ni kwamba kijana alitumwa, kikombe kilijazwa, na pole ilisemwa. Mambo hayo yote yaweza kuamriwa, na yote yaweza kufanywa na mtu mwenye hofu.

Tena wako watakaotuuliza: Kwa nini mwauita upendo huu alama ya imani ya Kikristo? Waislamu nao hawakufundishwa kumtunza jirani? Wazee wetu kabla ya dini hizi hawakumpa mgeni chakula na mahali pa kulala? Walifundishwa, na walimpa. Ujirani katika Uislamu una haki nzito, na hapa Katwe tumekula futari katika nyumba za Waislamu tusiowajua vizuri. Wala hatukujua, na hata leo hatujui, kama yule mama wa chumvi huswali msikitini au huimba kanisani. Hilo halipunguzi hoja yetu bali huiongeza nguvu. Katika mfano wa Yesu aliyefanya mapenzi ya Mungu ni mtu wa dini iliyohesabiwa kuwa potofu, na walioyaacha ni watumishi wa hekalu. Mkristo hana hatimiliki ya upendo. Alicho nacho ni deni. Yeye ametangaza hadharani kwamba amempokea Mungu aliyekuja kukaa karibu na wanadamu. Basi asipowakaribia wanadamu wenziwe, si upendo wake tu unaotiwa shaka bali na hayo aliyoyatangaza. Kwa asiyeamini, kumpita mgonjwa ni upungufu wa utu. Kwa aaminiye, ni upungufu wa utu na pia ni ushahidi wa uongo.

Twajua kwamba maneno haya ni mepesi jirani anapokuja na homa, na ni mazito jirani anapokuja na panga. Mpondwe yenyewe ilishambuliwa na waasi wa ADF mwezi wa Novemba 1996. Tena usiku wa tarehe 16 Juni 2023 watu wa kundi hilo walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakachoma mabweni na kuua kwa risasi na mapanga. Waliokufa walizidi 40, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Sisi tulio walimu hatuwezi kuliandika jambo hili kama habari ya mbali. Wale walikuwa watoto wa umri ule ule tunaosahihisha insha zao.

Baada ya usiku ule tulisikia mitaani maneno ya hasira juu ya watu wa ng'ambo. Hasira ile twaielewa. Lakini hasira yapaswa kuambiwa ukweli. Kundi hilo lilianzishwa na Waganda, likapiga kambi katika misitu ya Kongo, na huko Beni na vijiji vyake limewaua watu wengi mno kuliko liliowaua kwetu. Mama wa Kinande avukaye Mpondwe na mtoto mgongoni hakumleta muuaji. Mara nyingi anamkimbia. Tukimtazama kwa jicho la kumshuku kwa sababu tu ametoka upande ule, tutakuwa tumemchukua aliyepigwa na wanyang'anyi tukamwita mnyang'anyi. Askari na wakague mizigo mpakani, na wakeshe. Hiyo ndiyo glavu ya nchi, nayo haipingani na upendo. Lakini glavu huvaliwa ili kumshika mtu, si ili kumpiga.

Aidha, mwaka 2022 Kongo iliingizwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huo huo baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sisi walimu wa lugha tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kwa miaka mingi Kiswahili katika nchi hii kilisikika kama lugha ya bunduki na vizuizi vya barabarani. Sasa chaitwa lugha ya ujirani. Lakini mkataba waweza kufanya watu kuwa majirani tu. Kuwafanya wenzi hauwezi. Nasi tumeshaona, penye benchi moja la mbao, kwamba mtu aweza kukijua Kiswahili chote cha vitabuni asiwe na neno moja la kumwambia mwenye kiu.

Wasomaji wasidhani kwamba jirani ni mgonjwa na mkimbizi peke yao. Wakati huu mnaposoma, wako wanaume na wanawake ndani ya ziwa letu, na maji yamewafika kiunoni, yakiwachoma kila penye mchubuko. Chumvi wanayoitoa hununuliwa kwa bei ya chini, na mvua ikinyesha vidimbwini kazi ya wiki nyingi huyeyuka. Sisi tunaoikoleza mboga yetu kwa jasho lao twawaita watu wa chumvi, kana kwamba hilo ni kabila. Mmoja wao tulikaa naye mji mmoja miaka kadhaa bila kujua jina lake, mpaka siku alipotufundisha maana ya neno tulilokuwa tukilifundisha wengine. Sasa twalijua. Tulikwenda kumwuliza wenyewe, na tukamwambia sababu. Alicheka, akasema alikuwa amekwisha kusahau habari za kikombe.

Haya ndiyo maoni yetu, na wenzetu walio na maoni mengine na wayalete katika kurasa hizi, tufunzane. Sisi upande wetu tumejiwekea kanuni moja ndogo, nayo twawapendekezea walimu wote wa Kiswahili wafanyao kazi kandokando ya mipaka. Akija mtu akituomba maji kwa Kiswahili kisicho sanifu, tumjibu kwanza. Kusahihisha kutangoja.